Andika Sita

Jedwali limefika Bukavu ndani ya bahasha ya kahawia,
nchi zote zimepangwa foleni kama watoto wa shule
siku ya kusomewa matokeo.
Nilianza kututafuta juu, kwa kiburi tu,
nikashuka na kidole, nikageuza ukurasa,
nikashuka tena
mpaka kidole kikakaribia kudondoka mezani.
Tupo.

Mkuu wa ofisi akauliza: "Tumepanda au tumeshuka?"
"Tumepanda nafasi moja."
"Kwa lipi?"
"Kuna nchi haikuleta takwimu."
Akacheka hadi akavua miwani.

Mimi ni Zihindula, mdodosaji.
Miezi mitatu nilipanda Kadutu na fomu kwapani,
ngazi za udongo, mvua, mbwa wa watu,
nikiuliza nyumba kwa nyumba maswali yaliyotungwa mbali
na mtu ambaye hajawahi kuteleza.
Sakafu ni ya nini? Maji yanatoka wapi?
Mama Cibalonza alinionyesha dumu la njano:
"Yanatoka shingoni mwangu. Kuna kisanduku cha shingo?"
Hakikuwepo. Nikatia alama kwenye "Mengineyo".

Kila alfajiri mama huyu huvuka Ruzizi
na beseni la sambaza kichwani.
Daraja si refu, ukikohoa mara mbili umefika,
lakini kwa mujibu wa jedwali langu
amepanda nafasi nyingi kabla ya saa moja asubuhi.
Jioni anarudi, beseni tupu,
anashuka nafasi zilezile
kwa magoti yaleyale.
Ziwa ni moja, jedwali limelipa mistari miwili,
na samaki hawakuulizwa.

Nilikuwa tayari kuandika shairi la kuzikejeli namba.
Si kazi ngumu. Bwana Wastani, kwa mfano:
nimebisha hodi Kadutu nzima
na hajawahi kunifungulia mlango.

Lakini kuna swali la ishirini na tatu.

"Umezaa watoto wangapi waliozaliwa hai?"
"Watano," akasema, akitazama moto.
Nikaandika. Nikageuza karatasi.
Nilishafika kwenye mbuzi na redio
aliponishika mkono wa kalamu.
"Kata hiyo. Andika sita.
Nankafu aliishi siku tisa.
Kanisani hayumo, hakuwahi kubatizwa.
Komini hayumo, cheti kina bei.
Na baba yake alisema tusimtaje,
tutawatisha wadogo zake."

Nikakata tano kwa mstari mmoja,
nikaandika sita, nikatia sahihi pembeni
kama utaratibu unavyotaka.
Akaomba aione.
Maneno hasomi, lakini namba za soko anazijua zote.
Akaigusa ile sita, wino ukiwa bado mbichi,
na kidogo ukabaki kwenye kidole chake.
Hakukifuta.

Sasa usiku, umeme umekatika, nina mshumaa na jedwali.
Kesho magazeti yatasoma nafasi.
Wakubwa watasema nafasi imepikwa,
na wapinzani wao watasema haijaiva.
Mimi nimesimama kwenye safu ya vifo vya wachanga,
mstari wetu, pale kwenye nukta,
na ile tarakimu moja iliyosalia baada yake.

Sijui kama yumo.
Huenda walimkata walipokadiria.
Huenda ni yeye, kwa siku zake tisa,
aliyeisukuma tarakimu kutoka tatu kwenda nne
na kuishusha nchi nzima nafasi moja
bila wao kujua jina la aliyewashusha.

Nimeweka kidole juu ya nukta, polepole,
kama mtu anayepapasa paji la mtoto gizani
aone kama homa imepungua.